Kazi ya Mikono ya Nani

Kwa miaka miwili, wakati wa matoleo ulipofika, Justa alikuwa hainuki. Watu wa kigango chao pale Sofu walikwisha kumzoea. Benchi la mbele lilinyanyuka, la pili likafuata, na zamu ilipofika kwenye benchi la Justa, wenzake walijipinda kupita mbele ya magoti yake huku yeye ameketi, mikono ameifumbata mapajani, macho ameyakaza msalabani kama mtu anayesubiri kujibiwa. Kwaya iliimba, vigelegele vikapigwa, kapu likajaa. Yeye tuli.

Mchoyo hakuwa. Alilelewa Muleba na mama ambaye mkungu wa kwanza wa msimu haukuonjwa nyumbani kwake mpaka mwenzake ufike kanisani. "Mungu hana njaa," mama yule alikuwa akiwaambia watoto wake wawili, Laurean na Justa. "Msidhani mnampelekea chakula. Mnajipeleka wenyewe. Ndizi ni ya kushikia tu, mikono isiwe mitupu." Justa aliyashika maneno hayo. Kaka yake aliyasikia pia, lakini kusikia na kushika ni vitu viwili.

Mama alipofariki, Laurean alikuwa na kazi ya ofisini Dar es Salaam, ameoa, amejenga Sofu, na alikuwa amenunua ekari chache ng'ambo ya Kiluvya, upande wa Kisarawe, kwa mzee wa Kizaramo aliyechoka kulima. Alimpigia simu dada yake.

"Njoo, Justa. Mimi nina ardhi, sina mikono. Wewe mikono unayo."

Justa akapanda basi na viroba viwili vya machipukizi ya migomba, ameyazungushia magunia mabichi. Kila basi liliposimama alimbembeleza utingo afungue buti ayanyunyizie maji. Abiria walimcheka mpaka wakachoka. Kufika Kisarawe, nako akachekwa. Jirani wa shamba, Bi Nuria, mwanamke wa pale pale aliyelima mihogo na kuokota korosho za baba yake, alikuja kusimama mpakani, mkono kiunoni.

"Dada, utalia," alisema. "Ardhi hii ni ya muhogo. Mgomba huku unakufa umesimama."

"Acha nilie, lakini nipande," Justa akajibu, na hapo wakawa mashoga.

Alichagua bondeni, kwenye kijito kinachochelewa kukauka. Akachimba mashimo ya kumfika kiunoni. Akaenda kwa wafugaji wa Kisukuma kuomba samadi, akaibeba kichwani. Akakata nyasi, akazitandaza shinani mwa kila mche kama anayemfunika mtoto. Mwaka wa kwanza migomba mingi ilikufa, kama Nuria alivyotabiri. Akachimba upya. Alilala kwenye kibanda cha udongo siku nyingi kuliko alivyolala nyumbani kwa kaka yake. Wachumba walikuja wawili watatu, wakaona mwanamke mwenye sugu viganjani anayezungumza habari za samadi, wakaenda zao. Miaka ikapita, na bonde likawa jeusi kwa kivuli. Ndizi fupi nene za Kihaya zikaning'inia mahali ambapo watu waliapa haziwezi kuota.

Krismasi moja, nyumbani kwa Laurean, sahani ya ndizi na maharage ikiwa mezani, kaka mtu alifuta mikono na kusema mbele ya wote, "Bonde ni la Justa. Mimi nitabaki na kule juu ya shamba. Loyce, wewe shahidi."

Loyce, mkewe, akacheka. "Nimesikia kwa masikio yote mawili."

Justa siku ile alikwenda jikoni akalia kwa furaha, sufuria mkononi.

Kisha wakaja watu wa hoteli. Walionja ndizi zile kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzake Laurean, wakauliza zinatoka wapi, wakaanza kuleta gari kila wiki. Haukupita muda mrefu, asubuhi moja Justa alifika shambani akakuta kufuli jipya kwenye mlango wa kibanda chake, na mlinzi asiyemfahamu ameketi kwenye kigoda chake yeye. Jembe lake lilikuwa ndani. Kanga zake zilikuwa ndani. Akapiga simu.

"Mambo yamebadilika, Justa," Laurean alisema. "Hii sasa ni biashara. Inataka usimamizi, inataka watu wanaojua kuongea na wateja."

"Na mimi?"

"Wewe umefanya kazi sana, pumzika. Nitakuwa nakuangalia."

"Uniangalie kama nini, Laurean? Kama ng'ombe mzee?"

Simu ikakatika. Aliipiga tena, ikaita mpaka ikanyamaza.

Wiki ile ile alihama kutoka nyumbani kwa kaka yake. Akapanga chumba, akaanza kuuza uji na maandazi karibu na stendi ya Maili Moja. Wazee wa ukoo aliwapigia, kwa mwenyekiti wa mtaa alikwenda, na kila aliyemsimulia alimuuliza swali moja: shamba alinunua nani? Hakuna hata mmoja aliyemuuliza lililimwa na nani. Hasira ikamkaa kifuani kama mfupa wa samaki kooni: humezi, hutemi. Aliamka nayo alfajiri akikanda unga, na unga ulipigwa siku hizo mpaka wateja wakasifu maandazi kwa ulaini.

Na huko kanisani Laurean alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kila mavuno alileta mkungu mkubwa kuliko yote, na kila alipoulaza mbele ya altare watu walipiga makofi. Justa alikuwa akitazama mikungu ile ikipita kando yake. Aliijua kama mama anavyowajua wanawe.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mpole aitwaye Stellamaris, alimfuata siku moja pale stendi, akanywa uji, akazunguka maneno mpaka akafika.

"Ma Justa, watu wanasema."

"Waseme."

"Sadaka si kiasi. Ni moyo. Hata kama ni kidogo namna gani."

"Ndiyo sababu sitoi, Mama Stella. Moyo wangu naujua ulivyo. Nikiupeleka pale mbele, utanuka."

Stellamaris akashusha kikombe. "Basi samehe."

"Hajaniomba. Nimsamehe kwa lipi alilokiri?"

Lakini kilichomchoma kuliko makofi ni maneno ya padre. Kila Misa, baada ya vipaji kupokelewa, Padre Faustine aliinua mkate na kumshukuru Mungu kwa tunda lile la ardhi na kazi ya mikono ya wanadamu. Waumini wengi hawakuyatilia maanani. Waliyazoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Justa aliyasikia kila Jumapili kama mtu anayeitwa jina lake. Kazi ya mikono. Alivitazama viganja vyake. Kazi ya mikono ya nani, sasa?

Jumamosi ya kuamkia Sherehe ya Mavuno, Nuria alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa juu.

"Shoga, kaka yako yuko huku na gari. Wamekata ule mkungu wa shimo lako la kwanza. Ule mgomba uliokuwa ukiuita mzaliwa wako wa kwanza! Mlinzi anasema wa kanisani."

Justa alikaa juu ya gunia la unga.

"Unanisikia? Mimi si mtu wa dini yenu. Lakini kwetu mtu akitoa sadaka kitu cha kudhulumu, hajatoa kitu. Amejitwisha dhambi ya pili."

"Nimekusikia, Nuria."

"Mbona umenyamaza?"

"Nikifungua kinywa nitatukana."

Kesho yake kanisa lilifurika. Wamama walikuwa wamevaa vitenge vya sare, na maandamano ya vipaji yalianzia mlangoni kwa ngoma. Walitangulia wenye mihogo na mahindi, wakafuata wenye kuku, wenye mayai kwenye ungo, mzee mmoja akivuta mbuzi aliyegoma. Nyuma ya wote akaja Laurean, kanzu nyeupe na koti juu yake, mkungu begani. Angeweza kumpa mtu ambebee. Aliubeba mwenyewe, akiyumba kidogo kwa uzito, ili aonekane. Vigelegele vikapanda.

Justa hakuwa amepanga. Baadaye aliapa hivyo mbele ya padre, na ni kweli. Alijikuta tu amesimama, amepita mbele ya magoti ya wenzake, yuko katikati ya njia.

"Weka chini," alisema.

Laurean alisimama. "Justa, tuko kanisani."

"Ndiyo maana nakwambia weka chini."

Akajaribu kumpita kulia. Justa akaushika mkungu kwenye kikonyo kwa mikono miwili. Kwaya ikakatika, sauti moja baada ya nyingine, kikabaki kinanda peke yake kikicheza, mpaka mpigaji naye akaona. Wahudumu wawili wenye skafu wakaja mbio. Mmoja akamshika Justa kiwiko.

"Usiniguse," alimwambia bila kumtazama, na yule bwana akamwachia.

"Mama, kuna nini?" Padre Faustine aliuliza kutoka altareni.

Justa aligeuka. Sauti ilimtoka kubwa, haikutetemeka.

"Padre, kila Jumapili unasema mkate huu ni kazi ya mikono ya wanadamu. Leo naomba uniambie mbele ya watu wote. Mkungu huu ni kazi ya mikono ya nani?"

Yule mbuzi akalia mara moja, na hata watoto hawakucheka.

Padre akashuka ngazi. Alitembea mpaka pale walipo ndugu wawili, kila mmoja ameng'ang'ania upande wake.

"Mzee Laurean. Ndizi hizi umelima wewe?"

"Shamba ni langu, Padre. Nililinunua kwa jasho langu."

"Sikuuliza habari za shamba."

Laurean akausogeza mkungu begani. Jasho lilikuwa likimshuka mashavuni. Kwenye benchi la tatu Loyce alikuwa ameinamisha uso ndani ya kitambaa.

"Ulishika jembe?" Padre akauliza tena, taratibu.

Laurean aliangalia viatu vyake.

"Basi mkungu huu haufiki altareni," alisema Padre. "Bwana wetu mwenyewe ametuambia: ukileta sadaka ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache, nenda ukapatane naye kwanza. Tumezoea kulisoma neno hili na kulipita. Leo hatulipiti. Uwekeni mlangoni. Nendeni nje mkaongee. Sisi tutawasubiri."

Minong'ono ikavuma. Padre akarudi, akaketi kitini, akafumba macho.

Nje, jua lilikuwa kali. Walisimama kando ya rundo la matofali ya kanisa jipya, yale ambayo kamati ya Laurean iliyanunua.

"Umefurahi sasa?" alianza Laurean.

"Sijafurahi miaka miwili."

"Ungenifuata nyumbani. Nilikuwa na mpango wa kukupa kitu."

"Sitaki kitu! Nataka bonde. Na nataka useme."

"Niseme nini?"

"Ulichokisema Krismasi ile, sahani ikiwa mbele yako."

Laurean aliokota tofali moja akalirudisha juu ya rundo. Alipozungumza sauti ilikuwa chini, na kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti ya kaka aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto kule Muleba.

"Ni kweli ulilima wewe. Mimi hata shimo lako la kwanza silijui liko wapi."

Miaka miwili Justa alikuwa akiyangoja maneno hayo. Alidhani yakija yatamzima kama maji. Badala yake yalimwasha. Kwa hiyo alijua! Siku zote alijua, akakata, akabeba, akapigiwa makofi!

"Kaseme ndani."

"Haiwezekani. Nina heshima yangu mle."

"Na mimi nilikuwa na nini mle? Nilikaa nimeganda benchini watu wakinipita kama kisiki, wakisema Justa bahili, Justa ana pepo. Heshima yangu uliiacha wapi, Laurean?"

Stellamaris akatokea mlangoni, kanga begani, ana haraka.

"Jamani, Misa imesimama. Ma Justa, mwenzangu, msamehe kaka yako yaishe. Watoto wana njaa."

Justa akamgeukia, na hapo ndipo hasira yote ilipomwagika.

"Kwa hiyo bado mnataka nitoe mimi? Jasho nimetoa, ujana nimetoa, bonde limetolewa bila kuulizwa. Sasa na hasira yangu pia niitie kapuni ili nyie mkale mapema? Sitoi! Nikisamehe, nitasamehe kwa sababu mtu ameomba, si kwa sababu wali unapoa!"

Stellamaris alirudi nyuma hatua moja. Laurean alitoa funguo za gari mfukoni.

"Loyce!" aliita. "Twende."

Mkewe alikuwa amefika kizingitini. Aliutazama mkungu uliolala chini, akamtazama wifi yake, akamtazama mumewe. Hakwenda. Laurean akaingia garini peke yake, na vumbi likabaki likielea juu ya matofali.

Justa alirudi ndani. Padre akafumbua macho, akamtazama kwa swali, naye akatikisa kichwa. Misa ikaendelea. Padre Faustine alipoinua mkate na kufika kwenye maneno yale alisita, kisha akayasema polepole, kila neno peke yake, na mabenchi mazima yalionekana yakitazama mikono. Komunyo ilipofika, Justa alibaki ameketi. Hakujidanganya.

Mkungu ulikaa ukutani kwa nje siku kadhaa. Ukaiva, ukapasuka, nzi wakajaa, na hakuna mtu aliyethubutu kuchuma hata ndizi moja, mpaka mfagiaji akautupa shimoni. Laurean akaacha kusali pale. Watu wakagawanyika. Walikuwepo waliompongeza Justa, na walikuwepo waliosema amechafua Misa, wakahamia kwa muuza maandazi mwingine. Yeye aliwaacha wahame.

Padre alimfuata Maili Moja katikati ya wiki. Alipokea kikombe cha uji, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Ulifanya vibaya kupiga kelele kanisani," alisema.

"Najua, Padre. Nitaungama hilo. Yale mengine siungami."

Padre alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Shamba liko kata gani? Wana baraza la usuluhishi. Nitakusindikiza."

"Watauliza alinunua nani."

"Wacha waulize. Wewe nenda na shahidi."

Shahidi wa kwanza alikuwa Nuria, aliyekuja barazani amevaa baibui lake la Iddi na kusimulia habari za samadi, za mashimo na za miche iliyokufa, kwa urefu mpaka mwenyekiti akamwomba apumzike. Laurean alikaa upande wa pili akitazama simu. Aliposimama kusema, alisema shamba alilinunua yeye, na dada yake alikuwa msaidizi tu, hakuna mapatano yoyote.

"Kuna aliyeyasikia mapatano?" mwenyekiti akamuuliza Justa.

Kabla hajajibu, Loyce alinyanyuka kwenye viti vya nyuma. Hakuna aliyejua kwamba amekuja.

"Mimi niliyasikia. Alisema bonde ni la Justa. Aliniambia niwe shahidi, nikacheka. Baadaye nikanyamaza kwa sababu ada za watoto na gari vilitoka kwenye ndizi zile."

Laurean aligeuka akamtazama mkewe. Kwa kitambo ilionekana kama atapiga meza. Kisha mabega yakamshuka.

"Achukue bonde," alisema. Hakusema samahani. Alitia sahihi, akatoka.

Justa alidhani ataingia bondeni akicheza. Alipofika alitaka kulia. Watu wa biashara walikuwa wamekata tu bila kurudisha kitu. Nyasi za shinani zilikwisha, ardhi imepasuka, machipukizi yameng'olewa na kuuzwa, migomba mingi imelala kwa upepo bila nguzo ya kuiegemeza. Jembe lake halikuwemo kibandani. Alisimama katikati ya uharibifu ule akamtukana kaka yake kwa Kihaya, matusi ambayo marehemu mama yao angempigia mwiko, na Nuria, ambaye hakuelewa neno, akaitikia kila tusi kwa "Eeh!" Kisha Nuria akaenda nyumbani kwake akamletea Justa jembe lake mwenyewe.

Jumapili Justa alianza kunyanyuka wakati wa matoleo. Alikuwa akipeleka kidogo alichopata kwenye uji. Stellamaris alifurahi, akamnong'oneza kwamba anaona sasa amani imerudi.

"Haijarudi," Justa alimwambia. "Bado namkasirikia. Ila siku hizi nikifika pale mbele, namwambia Mungu kwamba na hasira nimekuja nayo, aione. Nisiifiche nyuma ya mgongo."

Mvua za vuli zilipokaribia, asubuhi moja akiwa bondeni, alisikia mtu akishuka njiani. Alikuwa Loyce, amevaa mabuti ya mpira mapya, kitambaa kichwani.

"Shikamoo, wifi," alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja.

Justa aliegemea jembe. "Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimekuja kulima."

"Hujawahi kulima."

"Nionyeshe."

Justa akatafuta maneno ya kumchoma nayo, akayapata mengi, akayaacha. Akamwonyesha pa kuchimba, upana gani na kina gani, na udongo wa juu auweke upande gani. Walifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Loyce alitoka malengelenge, akaendelea kuchimba. Nuria aliwaletea muhogo wa kuchemsha na chai, wakala kivulini.

Loyce alipokuwa akijifuta matope kuondoka, alisema akiangalia chini, "Anauliza habari zako. Hathubutu kuja."

Justa alikuwa tayari amekwisha kuinama kwenye shimo jingine.

"Mwambie mumeo njia anaijua," alisema, akapiga jembe.